Mshororo na Mizani katika Ushairi wa Kiswahili: Kutoka Hati za Pate hadi Mashairi Huru

Ushairi wa Kiswahili unaochapishwa leo una sura mbili zinazokaa pamoja, na mara nyingi hukaa ndani ya diwani moja: upande mmoja lipo shairi la mishororo minne katika kila ubeti, lenye mizani 16 katika kila mshororo na vina vya kati na vya mwisho, na upande wa pili lipo shairi ambalo mshororo wake wa kwanza una maneno saba na wa pili una neno moja tu, bila kina kinachorudi wala idadi inayolingana. Wahakiki na washairi wamebishana kwa zaidi ya nusu karne kuhusu sura hizo mbili, wengine wakiona kwamba ya pili haistahili kuitwa ushairi na wengine wakiona kwamba ya kwanza ni minyororo ya zamani. Historia ya mshororo wenyewe, ikifuatwa tangu hati za kale za Pate na Lamu, inaonyesha jambo ambalo mabishano hayo yalilifunika, nalo ni kwamba kipimo cha shairi la Kiswahili kilizaliwa na kazi ambayo shairi lilifanya katika jamii pamoja na njia iliyolifikisha kwa watu, na kila kazi na njia hiyo ilipobadilika, kipimo nacho kilihamia mahali pengine. Mashairi huru, yaani sura ile ya pili, hayakukifuta kipimo. Yalikitoa kwenye hesabu ya silabi na kukiweka kwenye pumzi, kwenye maana na kwenye mpangilio wa ukurasa.

Istilahi za uwanja huu zinahitaji kuwekwa wazi kwanza. Mshororo ni mstari mmoja wa shairi, na mishororo ikikusanywa kwa idadi maalumu hufanya ubeti. Katika ubeti wa mishororo minne, mshororo wa kwanza huitwa mwanzo, wa pili mloto, wa tatu mleo na wa mwisho kimalizio au kituo, ambao ukirudiwa bila kubadilika katika beti zote huitwa kiitikio au kibwagizo. Mshororo mrefu hugawanywa katika vipande, cha kwanza kikiitwa ukwapi na cha pili utao. Mizani ni idadi ya silabi katika mshororo au katika kipande chake, na kina ni silabi ya mwisho inayofanana na nyingine mahali palepale katika mishororo mingine. Mshororo uliotungwa hapa kwa ajili ya mfano tu unaweza kuonyesha hesabu hiyo: "Mvuvi yupo njiani, arejea na samaki." Ukwapi wake una silabi nane, m-vu-vi-yu-po-nji-a-ni, na utao una nane pia, a-re-je-a-na-sa-ma-ki. Sauti ya m katika neno mvuvi inahesabiwa kuwa silabi kamili kwa sababu hutamkwa peke yake kabla ya konsonanti nyingine, ilhali n ya njiani imeungana na j na haina mizani yake. Kina cha ukwapi ni "ni" na kina cha utao ni "ki", na mshairi atakayeendeleza ubeti huo hana budi kuvirudisha vina hivyo mpaka afike kwenye kimalizio.

Sababu ya Kiswahili kupima mshororo kwa hesabu ya silabi inapatikana katika muundo wa lugha yenyewe. Karibu kila silabi ya Kiswahili huishia kwa irabu, irabu hizo hazitofautishwi kwa urefu na ufupi wenye kubadili maana ya neno, na mkazo huangukia silabi ya pili kutoka mwisho. Washairi wa pwani waliijua arudhi ya Kiarabu, yaani elimu ya vipimo vya shairi ambayo misingi yake iliwekwa na Khalil bin Ahmad al-Farahidi wa Basra katika karne ya 8, na walisoma kasida za Kiarabu katika madrasa na misikiti. Arudhi hiyo hupima mpangilio wa silabi ndefu na fupi, tofauti ambayo Kiswahili hakina njia ya kuibeba. Wakachukua majina ya bahari, yaani ya aina za mashairi kwa umbo na kipimo, na ya aina za ubeti, wakachukua pia upendo wa kina kimoja kinachofunga shairi zima, lakini kipimo kikabaki kile ambacho sikio la Mswahili liliweza kukisikia, nacho ni idadi. Vilevile, kwa kuwa mkazo haupigi kwenye silabi ya mwisho, kina cha Kiswahili huangukia silabi nyepesi, na kila mshororo huishia kwa mwendo uleule wa kupanda kidogo kisha kushuka. Mwendo huo ni mali ya lugha nzima, na haumtoki mtunzi hata anapoacha vina na mizani.

Hati za kale zilizobaki zinatoka hasa katika miji ya kaskazini ya pwani ya Kenya. Chuo cha Herekali, kinachojulikana pia kama Utendi wa Tambuka, kilitungwa Pate na Mwengo wa Athumani mwaka 1728, na kinasimulia vita vya Waislamu na majeshi ya Kaizari Heraklio. Utungo huo upo katika bahari ya utendi, ambayo ubeti wake una vipande vinne vya mizani nane. Vitatu vya kwanza hukubaliana kwa kina, na cha nne hubeba kina cha bahari, yaani kina kinachorudi mwishoni mwa kila ubeti tangu mwanzo wa utungo hadi mwisho. Katika hati zilizoandikwa kwa herufi za Kiarabu, vipande hivyo vinne mara nyingi vilipangwa kwenye mstari mmoja wa karatasi, vikitenganishwa kwa alama ndogo zilizochorwa kwa wino. Msomaji wa kitabu cha leo, aliyezoea kuona vipande vinne vikishuka kimoja chini ya kingine, anaona mistari minne mahali ambapo mwandishi wa Pate aliona mmoja. Mshororo wa utendi, kwa hiyo, ulikuwa kitu cha kusikiwa kabla ya kuwa kitu cha kuonwa, na mpaka wake uliwekwa na kina na pumzi ya msomaji, wala haukutegemea ukingo wa karatasi.

Utendi ulisomwa kwa sauti ya kuimba, katika mahadhi, mbele ya watu ambao wengi wao hawakushika hati mikononi. Hapo ndipo umuhimu wa mizani nane unapoeleweka. Kila ubeti ukiwa na urefu uleule, mahadhi yaleyale yaliweza kubeba maelfu ya beti bila msomaji kukwama, na msikilizaji aliweza kujua wapi kauli inaishia hata kabla haijaisha. Mizani ilikuwa pia mlinzi wa maneno. Herufi za Kiarabu kama zilivyotumiwa na waandishi wengi wa zamani hazikuonyesha waziwazi tofauti ya irabu e na i au o na u, na baadhi ya konsonanti za Kiswahili hazikuwa na herufi zake. Msomaji aliyekutana na neno lenye kusomeka kwa namna mbili alisaidiwa na kina kuchagua, na mnakili aliyeruka neno aligunduliwa kwa kipande kilichopungua silabi. Utendi wa Mwana Kupona binti Mshamu, uliotungwa mwaka 1858 ukiwa wosia kwa binti yake, ulienea hivyo: uliandikwa, ukaimbwa, ukahifadhiwa vifuani mwa wanawake wa Lamu na Siyu, ukaandikwa tena. Kipimo kilikuwa sehemu ya wosia, kwa kuwa ndicho kilichouwezesha kukumbukwa.

Hata hivyo, itakuwa kosa kudhani kwamba pwani ya kale ilijua kipimo kimoja. Al-Inkishafi, utungo wa Sayyid Abdallah bin Ali bin Nasir unaoutazama mji wa Pate ulioanguka na kuuhoji moyo wa mwanadamu, una mishororo mirefu kuliko ile ya utendi wa kawaida, na urefu huo unampa msomaji nafasi ya kutua katikati na kutafakari. Ukawafi ulijengwa juu ya mshororo wa mizani 15 uliokatwa vipande vitatu, vya mizani sita, nne na tano, kwa hiyo mshororo mmoja ulikuwa na mituo miwili isiyolingana. Takhmisa ilikuwa sanaa ya kuchukua utungo wa mtu mwingine na kutanguliza mishororo mitatu mipya mbele ya miwili ya zamani ili ubeti uwe wa mishororo mitano, kama Sayyid Abdallah alivyozifanyia tungo zinazonasibishwa na Fumo Liyongo. Utumbuizo nao, uliofungamana na ngoma na sherehe, ulikuwa utungo mrefu usiogawanywa katika beti zenye idadi sawa ya mishororo. Aina zote hizi zilikuwa na kipimo, lakini hazikuwa na kipimo kimoja, na urefu wa mshororo ulichaguliwa kwa kuangalia utungo utafanya kazi gani: kusimulia, kuomboleza, kujibu au kuchezesha.

Mabadiliko makubwa ya kwanza yanaonekana Mombasa katika nusu ya kwanza ya karne ya 19, kupitia tungo za Muyaka bin Haji al-Ghassaniy, aliyeishi takriban kati ya mwaka 1776 na 1840. Katika mikono yake shairi la tarbia, yaani la mishororo minne ya mizani 16, lilishika mambo ya mjini: mapenzi, madeni, biashara, mafumbo, na juu ya yote siasa ya Mombasa chini ya ukoo wa Mazrui iliyokuwa ikivutana na Seyyid Said wa Omani na Zanzibar. Mshororo wa shairi ni mara mbili ya kipande cha utendi, na urefu huo ulifaa mabishano. Ukwapi uliweza kutoa hoja na utao kuijibu, au ukwapi kufumba na utao kufumbua, na kimalizio kikafunga kwa kauli inayoweza kushikwa na watu na kurudiwa barazani. Desturi ya kujibizana iliupa kipimo kazi nyingine, kwa kuwa aliyejibu alitarajiwa kujibu kwa bahari ileile, na mara nyingi kwa vina vilevile, na kushindwa kufuata kulikuwa dalili ya kushindwa hoja. Mizani hapa ilikuwa uwanja wa pamoja ambao pande mbili zilikubali kukutana humo kabla ya kushindana.

Tungo za Muyaka zilitufikia kwa sababu Mwalimu Sikujua wa Mombasa na mmisionari William Taylor walizikusanya na kuziandika baada ya mtunzi kufariki, na William Hichens akazichapisha mwaka 1940. Katika kipindi hicho waandishi wa Lamu kama Muhammad Kijumwa waliwanakilia wataalamu wa Ulaya hati nyingi, na tungo zikaanza kuhamia kwenye herufi za Kirumi na vitabu vya kupiga chapa. Uhamisho huo ulibadili mshororo zaidi ya ilivyotambuliwa wakati ule. Mchapaji alihitaji kuamua mstari unaishia wapi, vipande vya utendi vikashushwa kimoja chini ya kingine, mshororo wa shairi ukawekwa koma katikati, na jicho likaanza kuona umbo ambalo zamani lilisikika tu. Kitu kinachoonekana kinaweza kukaguliwa kwa kidole, na ukaguzi huo ndio uliozaa enzi ya kanuni.

Gazeti la Mambo Leo, lililoanzishwa Dar es Salaam mwaka 1923 na serikali ya kikoloni ya Tanganyika, lilikuwa na nafasi ya mashairi iliyosomwa kotekote, na magazeti mengine yakafuata mfano huo. Watunzi wa bara ambao Kiswahili hakikuwa lugha ya mama yao walipata ukumbi, wakaulizana mafumbo na kujibizana kwa barua za kishairi kutoka Tabora hadi Tanga, na watu hao ambao hawakuwahi kuonana uso kwa uso walihitaji sheria iliyo wazi ya kupimia shairi. Kaluta Amri Abedi, mzaliwa wa Ujiji na baadaye Mwafrika wa kwanza kuwa meya wa Dar es Salaam, aliitoa mwaka 1954 katika kitabu chake Sheria za Kutunga Mashairi na Diwani ya Amri. Kitabu hicho kiliyaweka kwenye maandishi mambo ambayo awali yalifundishwa kwa kuketi na wajuzi, na kikawa rejea ya vizazi vya walimu na watunzi. Faida yake ilikuwa kubwa, kwa kuwa kijana wa Ujiji au Dodoma aliweza kujifunza sanaa ya pwani bila kuzaliwa pwani. Lakini kanuni ikishachapishwa huonekana kama asili ya jambo lenyewe, na wasomaji wengi wakaanza kuamini kwamba mshororo wa mizani 16 ndio ushairi wa Kiswahili, ilhali ulikuwa mmoja tu kati ya vipimo vingi vilivyotangulia.

Katika enzi hiyo ya kanuni zilitungwa kazi ambazo hakuna anayeweza kudai kwamba zilibanwa na vina. Shaaban Robert alitumia bahari ya utendi kusimulia Vita Kuu ya Pili ya Dunia katika Utenzi wa Vita vya Uhuru, wenye beti 3,000, uliochapishwa mwaka 1967 baada ya kifo chake. Mathias Mnyampala, Mgogo kutoka Dodoma, aliendeleza ngonjera, yaani shairi la majibizano linaloigizwa jukwaani na wahusika wawili au zaidi, na baada ya Azimio la Arusha la mwaka 1967 ngonjera zilisambaa mashuleni kupitia UKUTA, chama cha Usanifu wa Kiswahili na Ushairi Tanzania. Ili kuitimiza idadi, watunzi walikuwa na uhuru uliokubalika: inkisari, yaani kufupisha neno, kama kusema mekwenda badala ya nimekwenda, mazida, yaani kulirefusha, kama afya kuwa afiya, tabdila, yaani kubadili silabi ili kina kipatikane bila mizani kuongezeka wala kupungua, na kuboronga sarufi, yaani kuyapanga maneno kinyume na mpangilio wa kawaida wa sentensi. Uhuru huo ni ushahidi kwamba hata wenye kanuni walijua kuwa lugha na hesabu huvutana, na kwamba ustadi wa mtunzi hupimwa kwa jinsi anavyoupatanisha mvutano huo bila msikilizaji kuhisi kwamba neno limelazimishwa.

Mwaka 1974 Euphrase Kezilahabi, mzaliwa wa Namagondo katika kisiwa cha Ukerewe, alichapisha diwani ya Kichomi, ambayo mashairi yake mengi hayakufuata vina wala mizani, na katika utangulizi wake aliutetea mtindo huo kwa kutaka ushairi ukaribie lugha ambayo watu huitumia katika maisha ya kila siku. Miaka miwili baadaye Mugyabuso Mulokozi na Kulikoyela Kahigi walitoa Malenga wa Bara, na mwaka 1979 wakatoa Kunga za Ushairi na Diwani Yetu, kitabu kilichojaribu kuueleza ushairi kwa namna ambayo vina na mizani si sharti lake la lazima. Chanzo cha mageuzi hayo hakikuwa vyuo vikuu na vitabu vya Ulaya peke yake. Mulokozi alikuwa mtafiti wa enanga, tenzi za kishujaa za Wahaya zinazosimuliwa kwa zeze, ambazo mstari wake hupimwa kwa pumzi ya mghani na mapigo ya ala bila kuhesabu silabi. Lugha nyingi za bara zina tungo za namna hiyo, na watunzi waliokulia humo walipoingia katika Kiswahili walikuja na sikio jingine. Swali lao lilikuwa la haki: ikiwa Kiswahili sasa ni lugha ya taifa zima, kwa nini sikio la pwani liwe ndilo pekee linaloamua shairi ni lipi?

Upande wa pili nao ulikuwa na swali la haki. Kwa watu wa Mombasa, Lamu na Unguja, na kwa watunzi wa UKUTA waliojifunza sanaa hiyo kwa jasho, mizani ilikuwa urithi uliojengwa kwa karne kadhaa, na kuuita mnyororo kulionekana kuwa dharau iliyovaa nguo za usomi. Ibrahim Noor Shariff aliandika Tungo Zetu, kitabu kilichotoka mwaka 1988, akionyesha utajiri wa bahari za Kiswahili na uhusiano wake na jamii iliyozizaa. Hoja nzito zaidi ya upande huu ilikuwa kwamba shairi la Kiswahili ni la kuimbwa, na kisichoweza kuimbwa kimepoteza sehemu ya nafsi yake. Hoja hiyo haijibiwi kwa kusema kwamba nyakati zimebadilika. Abdilatif Abdalla alifungwa nchini Kenya kuanzia mwaka 1969 hadi 1972 kwa sababu ya maandishi yake ya kisiasa, na mashairi aliyoyaandika gerezani kwa siri kwenye karatasi za chooni, yaliyokuja kuwa Sauti ya Dhiki mwaka 1973, yanafuata vina na mizani. Mtu aliyenyimwa uhuru wa mwili aliitumia kanuni kuihifadhi sauti yake, na anayedai kwamba kanuni huua hoja mpya hana budi kueleza ilikuwaje diwani hiyo ikawa kali kiasi hicho.

Kilichokosekana katika mabishano hayo ni uchunguzi wa kina wa jinsi mshororo huru unavyofanya kazi ndani ya Kiswahili chenyewe, kwa kuwa pande zote mbili mara nyingi ziliueleza kwa kutaja kile ambacho hauna. Mfano uliotungwa hapo juu unaweza kukatwa upya:

Mvuvi yupo njiani
arejea
na samaki

Maneno ni yaleyale, lakini neno arejea limeachwa peke yake, na msomaji analazimika kutua hapo akiwa na swali kama mvuvi anarudi na kitu au mikono mitupu. Jibu linakuja katika mshororo wa tatu likiwa na uzito ambao halikuwa nao katika mshororo wa mizani 16, ambamo liliteleza pamoja na mahadhi. Tena unaweza kukatwa hivi:

Mvuvi
yupo njiani arejea na
samaki

Hapa mkato umeangukia baada ya na, kiunganishi ambacho katika matamshi hushikamana na neno linalofuata, na sikio linahisi kitu kimeninginia. Mkato wa aina hii unafaa pale ambapo mtunzi anataka mashaka au pengo lisikike. Usipokuwa na sababu, unabaki kuwa ajali ya uchapaji. Hesabu ya silabi imeondoka, lakini uamuzi kuhusu mahali pa kutua umebaki, na kwa kweli umekuwa mgumu zaidi, kwa sababu hakuna idadi inayoufanya kwa niaba ya mtunzi.

Kiswahili kina silaha tatu zinazoufaa mshororo wa namna hii. Ya kwanza ni kitenzi chake, ambacho hubeba mtenda, wakati, mtendwa na ukanushi ndani ya neno moja: hawajarudi ni neno moja, lakini ni sentensi kamili yenye watu, matarajio na kukatishwa tamaa, na likisimama peke yake kwenye mshororo linatosha. Ya pili ni upatanisho wa ngeli, ambao hurudisha sauti ileile mwanzoni mwa maneno yanayofuatana, kama katika vitabu vile vikubwa vimechakaa, hivi kwamba mshororo usio na kina cha mwisho unaweza kuwa na mwangwi tangu mwanzo wake hadi mwisho. Ya tatu ni mkazo wa silabi ya pili kutoka mwisho, ambao unaipa kila kauli mwendo wa kupanda na kushuka, na mtunzi mwenye sikio huipanga mishororo mirefu na mifupi ili mapigo hayo yakaribiane pale panapohitaji kasi na yaachane pale panapohitaji utulivu. Takriri, yaani kurudia neno au muundo kwa makusudi, inazikamilisha silaha hizi kwa kufanya kazi ambayo zamani ilifanywa na kiitikio.

Watunzi waliofuata walizitumia nyenzo hizo kwa njia tofauti. Alamin Mazrui, mwana wa Mombasa na wa ukoo wenye historia ndefu ya elimu ya pwani, alichapisha Chembe cha Moyo mwaka 1988 kwa mashairi huru, na hivyo mpaka kati ya pwani ya vina na bara isiyo na vina haukuweza tena kuchorwa kwa urahisi. Said Ahmed Mohamed wa Zanzibar ametunga kwa kanuni na nje yake, akibadili urefu wa mishororo na vipande kufuata hisia ya shairi. Kithaka wa Mberia wa Kenya, kuanzia Mchezo wa Karata wa mwaka 1997, ameutumia ukurasa kama sehemu ya maana, akiyatawanya maneno, kuyashusha na kuyapanga kwa maumbo ambayo msomaji anayaona kabla ya kuyasoma. Kezilahabi mwenyewe, katika Karibu Ndani ya mwaka 1988 na Dhifa ya mwaka 2008, aliendelea na njia aliyoianza, na alipofariki mwaka 2020 jina lake lilikuwa limeshika nafasi miongoni mwa walioubadili ushairi wa lugha hii.

Wakati huohuo mshororo wa hesabu haukufa, na sababu ya kutokufa kwake inathibitisha hoja ya makala haya. Umeendelea kuishi pale ambapo shairi bado linaimbwa mbele ya watu. Taarabu, ambayo Siti binti Saad aliiimba kwa Kiswahili na kurekodiwa sahani za santuri huko Bombay mwaka 1928, bado inahitaji mishororo inayolingana kwa sababu ala na mwitikio wa wasikilizaji vinaihitaji. Haji Gora Haji wa Tumbatu, katika Kimbunga ya mwaka 1994, alionyesha kwamba fumbo la kanuni linaweza kubeba misukosuko ya zama za sasa. Vijana wa muziki wa kufokafoka katika Dar es Salaam, Mombasa na Nairobi huzungumzia mistari na vina vyao kwa uzito uleule ambao wajuzi wa zamani waliupa, ingawa mstari wao hupimwa kwa mapigo ya ngoma na si kwa silabi nane nane. Mahali ambapo shairi linasomwa kimya, mshororo umepata uhuru wa jicho. Mahali ambapo linasikilizwa na watu wengi kwa pamoja, mshororo umerudi kwenye mpigo na kina.

Mafunzo ya historia hii yanagusa zaidi ya yote shule, ambako Waswahili wengi hukutana na ushairi kwa mara ya kwanza. Wanafunzi wa Tanzania na Kenya hufundishwa kuhesabu mizani, kutaja bahari na kuorodhesha inkisari na mazida, na wakifika kwenye shairi huru huambiwa kwamba halina hayo, kisha somo linaishia hapo. Mafundisho hayo yanatosha kwa mtihani, lakini hayamwezeshi mwanafunzi kuuliza kwa nini mtunzi wa utendi alihitaji mizani nane, kwa nini Muyaka alihitaji 16, na kwa nini Kezilahabi alikata mstari mahali alipoukata. Shairi la kanuni linapaswa kusomwa kwa sauti na mahadhi, ili mwanafunzi asikie kazi ya idadi badala ya kuihesabu kwa vidole peke yake. Shairi huru nalo linapaswa kusomwa kwa sauti, na kila mkato wake udaiwe sababu. Shairi la kanuni ambalo mizani yake imetimizwa kwa maneno ya kujazia nafasi limeshindwa, na shairi huru ambalo mishororo yake ingeweza kukatwa popote bila kupoteza kitu limeshindwa vilevile, kwa kosa lilelile la kutokuwa na kipimo chake lenyewe. Msomaji atakayeyapima mashairi kwa kigezo hicho atakuwa na haki ya kuupenda Utendi wa Mwana Kupona na Kichomi kwa moyo mmoja, na hatalazimika kuacha urithi mmoja ili astahili mwingine.